MASHINI INAYOANDIKA PROGRAMU NA KAZI ZA VIJANA WETU

Hotuba ya Katibu wa Elimu wa tawi letu mbele ya wanachama wa Kitui na Makueni. Imechapwa hapa kwa faida ya wale ambao hawakuweza kufika.

Bwana Mwenyekiti, ndugu wanachama, akina mama na akina baba, na ninyi vijana mliokaa kule nyuma,

Nimeombwa niseme juu ya jambo ambalo siku hizi lazungumzwa ofisini na hata ndani ya matatu. Je, hizi kompyuta zenye akili bandia, ambazo sasa zaandika programu zenyewe, zitawaondoa kazini mafundi wa programu? Na kama zitawaondoa, sisi makarani, wahasibu, wakusanya ushuru na wahudumu wa hospitali tukae kimya, au tuseme neno?

Nitatoa jibu kwanza, kisha nitaeleza sababu zake. Mashini hii haimalizi kazi ya programu. Inayopunguza ni kazi ya mwanzo, ile ambayo kijana huingilia na kujifunzia. Kazi mpya zitakuwapo, lakini hazitatufikia zenyewe kama mvua. Zitatufikia kwa mapatano. Kwa hiyo mwisho wa maneno yangu nitawawekeeni mambo manne, na Bwana Mwenyekiti atawaombeni mpige kura.

FUNDI WA PROGRAMU NI NANI?

Programu ni maagizo yanayoandikwa ili kompyuta iyafuate. Mkusanya ushuru sokoni abonyezapo kifaa chake na risiti ikatoka, kuna mtu aliyeandika maagizo hayo: mwenye kibanda atozwe kiasi gani, mwenye kreti za maembe atozwe kiasi gani, na fedha ziandikwe katika hesabu ipi. Mgonjwa afikapo hospitalini na jina lake likaonekana bila kutafuta faili katika kabati, kuna mtu aliyeandika maagizo hayo pia. Mtu huyo ndiye fundi wa programu.

Vijana wetu wengi wameambiwa kwamba huko ndiko kuliko na riziki. Mwaka 2016 Serikali ilianzisha mpango wa Ajira Digital ili vijana watafute kazi kwa intaneti. Mwaka 2022 Kenya iliidhinisha mtaala wa kufundisha uandishi wa programu katika shule za msingi na sekondari. Hapa Kitui tuna Chuo Kikuu cha South Eastern Kenya, pale Kwa Vonza, kilichopewa hati yake mwaka 2013. Na Makueni, katika ardhi ya Malili, ndipo ulipopangwa mji wa Konza, ekari 5,000, kiasi cha kilomita 60 kutoka Nairobi. Rais Kibaki aliuzindua ujenzi wake Januari 2013. Hata bwawa la Thwake, ambalo ujenzi wake ulianza mwaka 2018 mpakani mwa Makueni na Kitui, lilipangwa lipeleke maji kwetu na Konza pia.

Basi, wazazi wameuza ng'ombe na ndengu wakalipa karo za masomo ya kompyuta. Si haki tuwaache wasikie habari za mashini hii kwa uvumi tu.

MASHINI YAFANYA NINI?

Mashini ya namna hii ilionyeshwa watu mara ya kwanza kwa wingi Juni 2021. Jina lake lilikuwa GitHub Copilot, nayo ikaanza kuuzwa Juni 2022. Novemba mwaka huo huo ikaja ChatGPT. Kuanzia mwaka 2025 zimeenea nyingine ambazo fundi hazipi mstari mmoja tu wa kumalizia, bali huzipa kazi nzima: zenyewe hufungua mafaili, huandika, hujaribu, na kurekebisha.

Zimefundishwaje? Zimesomeshwa maandishi mengi mno, pamoja na programu nyingi ambazo mafundi wa dunia nzima waliziweka wazi kwenye intaneti. Kisha watu walikaa wakazisahihisha, hili jema, hili baya. Baadhi ya watu hao ni Wakenya wenzetu. Januari 2023 gazeti la Time la Marekani liliandika kwamba wafanyakazi wa Kenya waliosoma na kutia alama maandishi machafu kwa ajili ya kampuni ya OpenAI, wakiwa wameajiriwa na kampuni ya Sama, walilipwa kati ya dola 1.32 na dola 2 kwa saa. Kwa hiyo msidhani mashini hii imeshuka kutoka mbinguni. Ndani yake mna jasho la wafanyakazi, na la majirani zetu.

Uwezo wake ni mkubwa. Mwambie akuandikie ukurasa wa kusajili wakulima wa maembe, atakuandikia kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Kijana aliyetoka chuoni angetumia siku mbili au tatu.

Lakini ina upungufu ambao yafaa tuujue. Haijui isichoambiwa. Tuseme kaunti ina desturi kwamba mwenye mbuzi aliyelipa ushuru asubuhi, na mbuzi wake wasinunuliwe, halipishwi tena akiwarudisha jioni. Desturi hiyo haikuandikwa popote katika intaneti. Mashini itaandika programu safi, yenye kupendeza, nayo itamtoza yule mzee mara mbili. Fundi aliyekwenda soko la Emali siku ya soko, akasimama vumbini, akauliza, ndiye atakayelijua kosa hilo. Ubaya wa makosa ya mashini ni kwamba hayafanani na makosa. Yameandikwa kwa uhodari ule ule wa yaliyo sahihi.

HABARI KUTOKA NJE

Watu wamekwisha pima jambo hili, wala majibu yao hayako upande mmoja.

Watafiti walipima mafundi 4,867 katika kampuni tatu kubwa, na kutoa hesabu yao mwaka 2024. Waliopewa mashini walimaliza kazi nyingi zaidi kwa asilimia 26, na waliofaidika zaidi ni wale wageni katika kazi. Lakini Julai 2025 shirika liitwalo METR lilitoa hesabu nyingine. Lilichukua mafundi 16 wenye uzoefu, katika programu wanazozijua sana. Walipotumia mashini walichukua muda mrefu zaidi kwa asilimia 19. Na hili ndilo la ajabu: wenyewe walidhani wamekwenda upesi zaidi kwa asilimia 20. Tangu wakati huo mashini zimezidi kuwa hodari, lakini somo limebaki. Tajiri akija na kusema, "Mashini hii yafanya kazi ya watu watano," tusimkatalie wala tusimkubalie kwa maneno. Tumwombe hesabu.

Ama juu ya ajira, Agosti 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitazama orodha za mishahara ya kampuni nyingi. Waliona kwamba ajira za mafundi wa programu wenye umri wa miaka 22 hadi 25 zilikuwa zimepungua karibu asilimia 20 tangu kilele chake mwishoni mwa 2022. Wale wenye umri mkubwa zaidi katika kazi hiyo hiyo hawakupatwa na anguko hilo.

Hapo tusiwe wepesi wa kutia lawama yote kwa mashini. Mwaka 2022 riba ya mikopo ilipanda Marekani, na kampuni nyingi zilikuwa zimeajiri kupita kiasi wakati wa korona. Wengine wangefukuzwa hata kama mashini isingekuwapo. Lakini umri ni jambo la kutazama. Kama ni riba peke yake, mbona wanaoumia zaidi ni vijana?

Na kwetu Afrika mashariki mlango wa vijana ulianza kuwa mwembamba kabla ya mashini. Kampuni ya Andela iliyoanza mwaka 2014 ilikuwa ikichukua vijana wa Kiafrika, ikiwafundisha, na kuwapeleka kufanya kazi za kampuni za ng'ambo. Septemba 2019 ilitangaza kuwaachisha mafundi wadogo 250 katika Nigeria na Uganda, na kwamba wengine hadi 170 hapa Kenya huenda wakapatwa na jambo hilo. Sababu iliyotolewa ni kwamba wateja walitaka mafundi wenye uzoefu, wala si wanaoanza. Wakati huo Copilot haijazaliwa bado. Basi mashini imekuta mlango umekwisha kuanza kufungwa, nayo inausukuma.

SOMO LA PLAU

Labda mtu ataniuliza: kama kazi ya siku tatu yafanywa kwa dakika kumi, si lazima watu wapungue? Si lazima. Mwaka 1865 Mwingereza aitwaye Jevons aliandika kwamba mitambo ilipoanza kutumia makaa machache kwa kazi ile ile, Uingereza haikupunguza makaa bali ilizidi kuyachoma, kwa maana mitambo sasa ilifaa katika mahali pengi zaidi. Kitu kikiwa rahisi, watu hukitaka zaidi.

Sisi hatuna haja ya kwenda Uingereza. Tazameni plau. Plau ya kukokotwa na ng'ombe ilipoenea Ukambani, kufungua shamba kulikuwa kwepesi. Je, kazi ya shamba ilikwisha? La. Aliyekuwa na ng'ombe alilima eneo kubwa zaidi kuliko zamani. Na shamba likiwa kubwa, magugu nayo huwa mengi. Palizi iliongezeka, na mvua haingojei. Palizi hiyo ilianguka juu ya nani? Akina mama hapa wanajua. Na yule asiye na ng'ombe alingoja hadi mwenye ng'ombe amalize, akapanda amechelewa, na mvua yetu ni fupi.

Yote matatu yamo katika mashini hii. Programu zitaandikwa kwa wingi, kwa kuwa zimekuwa rahisi. Palizi itaongezeka, yaani kusoma yaliyoandikwa na mashini, kutafuta makosa, kurekebisha sheria zikibadilika, na kujibu wananchi wanapolalamika. Na mwenye ng'ombe, yaani mwenye mashini, atakuwa na nguvu juu ya asiye nayo. Mashini hizi ni mali ya kampuni chache za nje, na hulipiwa kwa dola kila mwezi. Kijana wa Mwingi au Kibwezi asiye na dola wala intaneti ya kutosha ndiye atakayepanda amechelewa.

Hapa kuna neno moja nataka mlishike. Haja na ajira ni vitu viwili. Katika kaunti zetu mbili haja ya programu ni kubwa. Tunahitaji kumbukumbu za visima: kipi kina maji, kipi pampu yake imeharibika. Tunahitaji bei za ndengu zimfikie mkulima kabla dalali hajafika. Tunahitaji hospitali ndogo na kubwa ziweze kusoma kadi moja ya mgonjwa. Tunahitaji maelezo ya mambo hayo kwa Kikamba, ili nyanya asilazimike kumwita mjukuu amsomee. Mashini yaweza kuirahisisha kazi hii yote. Lakini haja isiyo na fungu la fedha haimlipi mtu mshahara. Itakuwa ajira pale tu kaunti, vyama vya ushirika na hospitali zitakapotenga fedha, na zitakapowapa kazi watu wanaokaa hapa badala ya kununua kila kitu kimekwisha kutengenezwa kutoka mbali.

Na neno la pili. Kazi mpya zikija, haziji kwa watu wale wale waliopoteza za zamani. Mnakumbuka vibanda vya simu ya jamii. Vijana wengi walikaa humo wakiuza dakika za kuzungumza. Simu za mkononi ziliposhuka bei, vibanda vikafa. Mwaka 2007 ikaja M-Pesa, na mawakala wakaenea hata katika masoko madogo. Mtu wa vitabu atasema, "Kazi hazikupungua, ziliongezeka." Ni kweli. Lakini uwakala wataka mtaji. Yule kijana wa simu ya jamii asiyekuwa na mtaji hakuwa wakala. Alirudi nyumbani. Hesabu ya nchi ilikuwa njema, na hesabu ya nyumba yake ilikuwa mbaya. Chama cha wafanyakazi kipo kwa ajili ya hesabu ya nyumba.

KAZI YA MWANZO

Sasa nafika katika kiini cha maneno yangu. Fundi mkubwa hazaliwi. Fundi wa gari alianza kwa kushika spana na kuosha vyuma. Karani mkuu alianza kwa kupanga mafaili. Fundi wa programu naye alianza kwa kazi ndogo ndogo: kurekebisha kosa dogo, kuandika ukurasa mmoja, kujaribu programu ya mwenzake. Kazi hizo mwajiri hakuzipenda sana. Alizivumilia kwa sababu hapakuwa na njia nyingine, na kijana alijifunza ndani yake.

Mashini imechukua kazi hizo hizo. Mwajiri atazamaye mwaka mmoja mbele huona amepata faida, kwa maana fundi mmoja mkubwa na mashini yake wafanya kazi ya fundi mkubwa na vijana watatu. Lakini fundi yule atazeeka. Ataondoka aende Nairobi au Dubai. Atakapoondoka, nani atajua kwa nini programu ya ushuru inamtoza mzee mara mbili? Mashini haitajua. Vijana hawakupata nafasi ya kujifunza. Kaunti itabaki na programu ambazo hakuna mtu katika kaunti nzima awezaye kuzieleza, na itakwenda kuwapigia magoti wauzaji wa mbali. Kwa hiyo kumfungia mlango kijana si kumdhuru kijana peke yake. Ni kula mbegu.

KWA NINI NI SHAURI LETU?

Mwenzetu mmoja aliniuliza kabla ya mkutano, "Bwana Katibu, watu wa kompyuta wana mishahara minono. Watuhusu nini?"

Namjibu hivi. Kwanza, si wote wenye mishahara minono. Wengi wa vijana hawa wako katika mafunzo ya kazi na hupewa posho tu, au wanafanya kazi kwa kipande, wakilipwa programu ikikubaliwa na wasilipwe ikikataliwa. Huo ni ukibarua, hata kama mtu amevaa shati jeupe.

Pili, mashini hii haitasimama mlangoni mwa fundi. Mashini iwezayo kuandika programu yaweza pia kuandika barua, kufupisha kumbukumbu za mkutano, na kupanga hesabu. Fundi wa programu leo ni kama mtu wa nyumba ya kwanza kijijini. Moto ukianza kwake, jirani hasemi, "Alikuwa na mabati mazuri."

Tatu, tumeona mambo yanavyokwenda pale wafanyakazi wanapochelewa. Kule Kericho mashini za kuchuma chai zimekuwa ugomvi kwa miaka mingi. Oktoba 2010 wafanyakazi wa mashamba waligoma kuzipinga. Mei 2023 watu wenye hasira waliziteketeza baadhi yake kwa moto. Hasira yao naielewa. Lakini mashini iliyochomwa hununuliwa nyingine, na kazi iliyokwenda hairudishwi na moto. Mazungumzo yanapoanza baada ya mashini kufika, mfanyakazi huzungumza akiwa amekwisha sukumwa ukutani.

Tazameni wengine waliozungumza mapema. Mwaka 2023 waandishi wa filamu wa Marekani waligoma siku 148, na mojawapo ya madai yao lilikuwa akili bandia. Hawakudai mashini zivunjwe. Walipata mapatano kwamba kampuni haiwezi kumlazimisha mwandishi kuitumia, na kwamba maandishi ya mashini hayatatumiwa kumnyima mwandishi haki ya kazi yake. Na hapa kwetu Nairobi, tarehe 1 Mei 2023, wafanyakazi zaidi ya 150 wanaosafisha maandishi na picha za mitandao walipiga kura kuunda chama chao. Watu walisema kazi za kompyuta haziwezi kuwa na chama. Hao walionyesha kwamba zaweza.

SHERIA INASEMAJE?

Kifungu cha 41 cha Katiba ya 2010 champa kila mfanyakazi haki ya kuingia katika chama. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 40, yasema mwajiri akitaka kupunguza watu kwa sababu kazi yao haihitajiki tena, lazima akiarifu chama na Afisa wa Kazi si chini ya mwezi mmoja kabla, aeleze sababu na kiasi cha watu. Katika kuchagua nani aondoke, lazima atazame muda mtu aliotumikia, ujuzi wake, uwezo wake na uaminifu wake. Na anayeondoka lazima alipwe si chini ya mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka mzima aliotumikia, pamoja na haki zake nyingine.

Sheria hiyo ni ngao, lakini ina matundu mawili. Huanza kufanya kazi mtu anapoondolewa, wala si mashini inaponunuliwa. Na humlinda aliyeajiriwa. Kijana wa kandarasi ya kipande, na yule ambaye hakuajiriwa kamwe kwa kuwa mlango ulifungwa, sheria haimwoni. Matundu hayo huzibwa kwa mapatano ya pamoja, na mapatano ya pamoja ni kazi yetu.

MAMBO MANNE YA KUPIGIA KURA

Kwa hiyo Kamati ya tawi yawaletea mapendekezo haya, yaingizwe katika madai yetu ya mapatano yajayo.

Jambo la kwanza. Tuwafungulie mlango mafundi wa programu na wote wanaofanya kazi za kompyuta katika ofisi zetu. Walioajiriwa waandikishwe kama wanachama wengine. Walio katika mafunzo na wa kandarasi waalikwe mikutanoni na wapewe ushauri, huku tukidai kwamba kazi ya kudumu iwe na ajira ya kudumu.

Jambo la pili. Mwajiri akiarifu chama kabla ya kununua mashini ya akili bandia, wala si baada ya kuileta. Aeleze itafanya kazi gani, kazi ya nani itabadilika, na kwa hesabu ipi anasema itaokoa fedha. Na fedha ikiokolewa, sehemu yake irudi katika mishahara na mafunzo ya wafanyakazi.

Jambo la tatu. Palipo na kazi ya programu, pawe na nafasi za vijana wanaoanza, wenye malipo, wakiwa chini ya fundi mkubwa aliyepewa muda wa kuwafundisha. Wapewe mashini hiyo hiyo na wafundishwe kuitumia, na zaidi wafundishwe kuisoma na kuikosoa. Mwajiri anayetoa kandarasi nje aweke sharti hilo hilo kwa mwenye kandarasi.

Jambo la nne. Mfanyakazi asilaumiwe kwa kosa la mashini ikiwa alinyimwa muda wa kuikagua. Wala asiamriwe kutia majina ya wagonjwa, namba za vitambulisho au habari nyingine za wananchi katika mashini za nje. Tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, na mtu wa kwanza kushikwa asiwe karani aliyetii amri.

Najua mtu atasema madai haya ni makubwa kwa chama kidogo cha huku kwetu. Mwaka 1938 Serikali ya kikoloni ilipowanyang'anya Wakamba wa Machakos ng'ombe wao, ikisema ni wengi mno, maelfu ya watu walitembea hadi Nairobi pamoja na Muindi Mbingu wakakaa huko kwa majuma. Wakati huo Makueni ilikuwa sehemu ya Machakos, na baadhi ya waliotembea ni babu zetu. Muindi Mbingu alihamishwa hadi Lamu, lakini mwisho Serikali iliacha kuwauza ng'ombe kwa nguvu. Hawakuwa na magari wala mawakili wengi. Walikuwa na shauri moja.

Nasi twalijua neno mwethya. Shamba la mmoja hutengenezwa matuta na wote, leo kwa huyu, kesho kwa yule. Hakuna anayeuliza, "Shamba hili lanihusu nini?" kwa sababu ajua zamu yake itafika. Mimi nawaambieni, zamu ya leo ni ya fundi wa programu na ya kijana anayetafuta kazi yake ya kwanza. Twende tukamsaidie kutengeneza tuta lake mvua haijanyesha.

Na ninyi vijana, msiache masomo yenu kwa hofu. Jifunzeni kazi hasa, si kubonyeza tu. Jueni soko, jueni hospitali, jueni sheria za kaunti, jueni Kikamba cha wazee. Mashini yaweza kuandika upesi kuliko ninyi, lakini haijui Emali. Kisha njooni katika chama, kwa maana ujuzi wa mtu mmoja huuzwa kwa bei anayotaka mnunuzi.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Nawaombeni wanachama mpige kura ya ndiyo kwa mambo yote manne.